Lugha Isiyo na Wenyewe

Husemwa kwamba Kiswahili kina wenyewe. Kauli hiyo imezusha mabishano mengi, na si nia yangu kuyafufua hapa. Naitaja kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wabishani wote hulikubali bila ya kulitamka. Mwenye lugha ni yule awezaye kukukosoa. Mgeni akisema "kitabu yangu" mbele ya mtoto wa Mkunazini, mtoto atacheka, na kicheko hicho kitakuwa somo tosha. Mtoto hajui ngeli wala upatanisho, hajafungua kitabu chochote cha sarufi, lakini hukumu yake ni halali kwa kuwa lugha ni yake.

Tuichukue sasa lugha ambayo mtoto wa namna hiyo hayuko popote. Imepita zaidi ya miaka elfu moja tangu Kilatini kiache kuwa lugha inayonyonywa pamoja na maziwa ya mama. Kimezaa Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiromania, kisha chenyewe kikabaki vitabuni, katika sheria, katika majina ya mimea na katika ibada. Hata kwetu Unguja, katika kanisa la Minara Miwili, misa ilisomwa kwa Kilatini mpaka yalipokuja mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia 1962 hadi 1965. Na bado wako wanafunzi wengi duniani wanaojifunza lugha hiyo, na baadhi yao hawana mwalimu ila kompyuta au simu ya mkononi. Kila neno wanalolikuta limekwisha kufasiriwa kabla hawajalitafakari. Swali langu ni la kimaadili: mtu huyu anadaiwa nini, na ni nani amdaiye, ilhali wenye lugha wote wamekwisha kufa?

Kabla ya kulijibu ni haki kusema kilichopatikana, maana si haba. Mwaka 1985 wasomi wa Marekani walianza kupanga maktaba ya kompyuta iitwayo Perseus, ambayo baadaye iliweka makao yake katika Chuo Kikuu cha Tufts. Anayeifungua leo huwakuta humo Vergilius, Cicero, Ovidius na wengineo. Akibofya neno lolote huambiwa kama ni nomino au kitenzi, umoja au wingi, na akitaka zaidi huletewa maelezo ya kamusi ya Lewis na Short, iliyochapishwa mara ya kwanza 1879. Mtu mwingine, William Whitaker, aliyekuwa kanali katika Jeshi la Anga la Marekani, alitunga programu ndogo inayochambua miisho ya maneno ya Kilatini, akaiita kwa jina lisilo na mapambo, Words, na akaigawa bure. Yeye alifariki 2010, na programu yake ingali ikitumika. Watu wa pwani hawana haja ya kutafuta mbali jina la kitendo kama hicho: ni sadaka yenye kuendelea.

Ukubwa wa sadaka hiyo utaonekana kwa yule anayekumbuka hali ilivyokuwa. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge viliendelea kumtaka kila aingiaye awe amefaulu Kilatini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, hata kama alikwenda kusomea hesabu au tiba. Kilatini kilikuwa mlango, na ufunguo wake ukinunuliwa kwa karo za shule ambazo mtoto wa mkulima hakuziweza, wala mtoto wa mvuvi. Leo kijana wa Wete mwenye simu ana kamusi ile ile aliyokuwa nayo mtoto wa bwana mkubwa wa Kiingereza. Anayezilaani zana hizi kwa jumla, akisema kwamba elimu isiyotoka jasho si elimu, na ajiulize kwanza kama analia kwa ajili ya elimu au kwa ajili ya mlango.

Na kijana huyo asidhani kwamba amekwenda ugenini kabisa. Vitabu vya zamani vya Waingereza aghalabu vilianza somo la nomino kwa neno mensa, nalo ni meza yetu hii, iliyotufikia mikononi mwa Wareno. Leso, mvinyo na karata zilipita njia hiyo hiyo. Dinari na kasri zilizunguka upande wa pili, zikapokewa na Waarabu kutoka mashariki ya dola ya Warumi, kisha zikashuka kwetu na pepo za kaskazi. Bandari hupokea vitu bila ya kuuliza nasaba zao.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe. Nitatoa mfano wa maneno mawili tu: liber venit. Mwanafunzi akiyapeleka kwenye programu, ataletewa orodha. Liber ni kitabu, lakini pia ni mtu aliye huru. Venit ni yuaja, lakini pia ni alikuja. Kwa hiyo maneno mawili yamekuwa sentensi nne: kitabu kinakuja, kitabu kilikuja, aliye huru yuaja, aliye huru alikuja. Siri iko katika irabu. Liber yenye i fupi ni kitabu, yenye i ndefu ni huru. Venit yenye e fupi ni ya wakati uliopo, yenye e ndefu ni ya wakati uliopita. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi urefu huo, kama vile maandishi yetu yasivyoonyesha kwamba barabara ya kupita magari si sawa na barabara ya kukubali jambo, ingawa hakuna Mswahili anayezichanganya anapozisikia.

Programu imefanya kazi yake kwa uaminifu. Imetoa yote yanayowezekana na ikanyamaza. Kuchagua kumebaki kwa mwanafunzi, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza au yanapokwepwa. Wapo wanaochagua la kwanza katika orodha. Wapo wanaotazama tafsiri ya Kiingereza iliyowekwa pembeni, kisha wakarudi kwenye orodha kuchukua lile linaloafikiana nayo. Wa pili anaonekana mwenye bidii zaidi, lakini kwa maoni yangu ndiye aliyepoteza zaidi, maana amejifunza kufikia jibu bila ya kupita katika sentensi. Mazoezi, kwa maana ninayoikusudia, ni kukata hukumu kabla ya kuona hukumu ya mwingine: kuandika kwa mkono wako "nadhani ni kitabu, na nadhani kimekwisha kuja, kwa sababu hii na hii", kisha ndipo ukafungua. Zana ni zile zile, na mabadiliko yote yamo katika mfuatano wa matendo mawili.

Mtu aweza kupinga. Atasema: anayepanda boti kutoka Unguja kwenda Pemba halazimiki kuogelea ili ahesabiwe kuwa amefika. Kama lengo ni kujua Vergilius alisema nini, na zana inamfikisha, jasho ni la nini? Pingamizi hili lina nguvu na sitalipuuza. Kwa mwanahistoria anayetafuta tarehe ya vita, au mwanasheria anayetaka asili ya istilahi, naona halina jibu: na wapande boti wafike. Lakini msomaji wa ushairi hakusafiri ili afike. Mshairi wa Kilatini anaweza kuweka sifa mwanzoni mwa mshororo na nomino yake mwishoni, na kati yao akapitisha watu, bahari na dhoruba. Yale ambayo walimu wetu wa ushairi huyaita kuboronga sarufi, kwa Warumi ndiyo sarufi yenyewe, kwa kuwa miisho ya maneno hutunza undugu wao hata wakitenganishwa, mfano wa upatanisho wa ngeli zetu. Msomaji huibeba sifa ile mkononi kama mtu aliyepewa kitu amshikie mwenye nacho, hajui ni cha nani, mpaka mwenyewe atokee. Utamu uko katika kubeba huko. Anayebofya kila neno huambiwa mwenye nacho papo hapo, na hana alichobeba.

Liko pia suala la lugha ambayo zana hizi hujibu. Hujibu kwa Kiingereza. Mwanafunzi Mswahili anayemsoma Vergilius hukuta kwamba Aeneas, shujaa wa utenzi ule mrefu wa mishororo inayokaribia 9,900, husifiwa mara kwa mara kwa neno moja: pius. Akilibofya ataletewa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mcha Mungu au mtu wa wajibu. Akiyageuza kwa Kiswahili atakuwa amepokea neno kwa mkono wa tatu, limepoa. Lakini na azuie kidole kidogo, amtazame Aeneas anavyofanya: amembeba baba yake mgongoni kutoka mji wa Troia unaoungua, amemshika mwanawe mkono, na sanamu za miungu ya nyumbani amempa baba yake azishike. Je, sisi humwitaje mtu wa namna hiyo? Huyu ni mwana wa radhi. Neno hilo halilingani na pius kila upande. Halina ndani yake dola wala mji ambao bado haujajengwa. Hata hivyo limebeba uzito ambao lile la Kiingereza limekwisha kuutua. Na msomaji aliyelipata atakuwa tayari kuuliza swali gumu zaidi pale Aeneas atakapomwacha Dido, malkia wa Karthago, kwa amri ya miungu: radhi za nani, na kwa gharama ya nani? Neno lililoletwa na zana halimfikishi huko, maana halikutoka kwake.

Kuhusu sauti itanibidi nikae kidogo zaidi, maana wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa mizani. Sisi huhesabu silabi: nane kwa nane katika shairi, nane katika kipande cha utenzi. Mshororo wa utenzi wa Kilatini hauhesabiwi hivyo. Una miguu 6, na kila mguu ni ama silabi ndefu ikifuatwa na fupi mbili, ama ndefu mbili. Wa tano aghalabu ni wa aina ya kwanza, na wa mwisho una silabi mbili tu. Kwa kuwa ndefu moja hulingana na fupi mbili, mshororo mmoja waweza kuwa na silabi 13 na unaoufuata 17, na yote miwili imetimia. Sikio letu litaona ajabu, lakini si geni kabisa: aliyesoma arudhi ya Kiarabu, ile aliyoipangia kanuni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi katika karne ya 8, anajua kupima kwa urefu na ufupi. Wasomi wa Italia wameweka mtandaoni programu iitwayo Pede certo inayoipima mishororo ya Kilatini yenyewe, na zipo tovuti nyingine ambazo humpa mwanafunzi mshororo mmoja na kumtaka aweke alama ndefu na fupi kabla ya kumwonyesha alipokosea. Hizi za pili ndizo ninazozipenda. Hufanya kile alichofanya mtoto wa Mkunazini: hungoja usema kwanza, kisha ndipo zinakucheka.

Na hapa ndipo liber venit inapopata mwamuzi. Ikiwa maneno hayo yamo ndani ya mshororo, hayawezi kuwa na maana nne. Nafasi yake ama inataka silabi ndefu au fupi, na nafasi hiyo hairidhii upendeleo. Mshairi aliyekufa miaka 2,000 iliyopita anakwambia kwa mizani yake: ni huyu, si yule.

Kwetu mtoto wa chuoni huanza kinyume. Hushika lohi, akahifadhi sura za Kiarabu kwa sauti sahihi, na maana humjia baadaye, pengine ukubwani, pengine isimfikie kamwe. Wengi wameukosoa utaratibu huo, na sehemu ya ukosoaji wao ni kweli. Mwanafunzi wa Kilatini wa mtandaoni amepata nusu ya pili: anayo maana ya kila neno na hana sauti hata ya moja. Nikilazimishwa kuchagua nusu moja, nitachagua ya chuoni. Aliyehifadhi sauti ana mahali pa kuiweka maana siku itakapokuja, na huenda ikaja akiwa njiani sokoni, bila ya kuitafuta. Aliyepewa maana bila ya sauti hana msumari wa kuitundika, na kesho atabofya tena neno lile lile.

Nimeuliza mwanzoni ni nani amdaiye mwanafunzi huyu. Wako walioandika na kusema Kilatini katika zama zetu, na mfano wao unasaidia. Redio ya taifa ya Finland, kuanzia 1989 hadi 2019, ilitangaza kila wiki taarifa fupi ya habari kwa Kilatini. Vita, chaguzi na mapatano ya bei ya mafuta vyote vilisomwa kwa lugha ya Cicero. Ilibidi watumie majina ya vitu ambavyo Cicero hakuviona. Kompyuta, kwa mfano, ina majina zaidi ya moja katika Kilatini cha leo; wengine huita computatrum, wengine ordinatrum, na kila upande una hoja zake, wala hakuna mtoto wa kucheka. Hata hivyo haikuwa kwamba kila mtu alisema apendavyo. Aliyekosea mwisho wa kitenzi alikosolewa na mwenzake aliyekuwa na kitabu mkononi. Maandishi yenyewe yalisimama mahali pa wenyewe. Ndiyo maana wasomi wa Munich, ambao kamusi yao kubwa ya Kilatini ilianzishwa 1894 na mpaka leo haijafika mwisho wa alfabeti, hukaa na vipande vya karatasi takriban milioni 10, wakiuliza juu ya kila neno: nani alilitumia, wapi, kwa maana gani? Mtu akitaka kuona jinsi deni kwa waliokufa linavyolipwa, mfano ni huo. Wafu hawawezi kusema "sivyo nilivyokusudia", kwa hiyo aliye hai husema polepole kwa niaba yao.

Tangu mwishoni mwa 2022 pamekuwa na jambo jipya, nalo ni programu za akili mnemba ambazo yeyote aweza kuzungumza nazo kwa Kilatini, na zikamjibu bila ya kuchoka. Kwa aliye peke yake kisiwani hiyo ni faraja kubwa, na sitasema neno la kuidharau. Lakini atambue anazungumza na nani. Programu hizo hutoa sentensi iliyo sawa na sentensi iliyo kombo kwa uso ule ule wa utulivu. Kamusi ya Lewis na Short ikikuambia jambo, hukutajia mwandishi na mahali, ukaweza kwenda kushuhudia. Mzungumzaji huyu, asipoulizwa, aghalabu hakutajii shahidi, na akitaja ni lazima uhakikishe. Hana uzembe wala hila, hajali tu, maana hapana aliyekufa ambaye yeye humuonea haya. Mwanafunzi aliyezoea kukata hukumu kwanza atamtumia kwa faida, atabishana naye, mara nyingine atamshinda. Aliyezoea kubofya hatajua siku alipopotoshwa.

Suala hili litatufikia na sisi, na huenda limekwisha kufika. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate 1728, una maneno ambayo kijana wa leo hayajui bila ya faharasa. Tofauti ni kwamba kwa baadhi ya maneno ya Kiamu cha kale bado kuna bibi huko Lamu au Siu anayeweza kuulizwa, akajibu kwa mfano wa chakula au wa chombo. Yeye si zana ya mtandao, na hapatikani usiku wa manane. Simuoni kijana aliye na simu na shangazi akilazimika kuchagua mmoja wao. Namuona akianza kwa shangazi.

Namalizia kwa jambo dogo la utenzi ule wa Aeneas. Vergilius alifariki Brundisium mwaka 19 kabla ya Kristo, kazi haijakamilika. Mapokeo yanasema alitaka ichomwe, na Augustus akaamuru ihifadhiwe. Humo mna mishororo hamsini na kitu iliyokatika njiani, mingine katikati ya hasira za mtu, mingine katikati ya maombolezo. Wanakili wa zamani walijaribu hapa na pale kuiziba, na viraka vyao vikatambuliwa, vikatengwa. Mwanafunzi wa leo akimpa mzungumzaji wake wa akili mnemba nusu ya mshororo kama huo na kumwomba aumalizie, atapewa nusu ya pili katika muda wa kupepesa jicho. Pengine miguu 6 itatimia, pengine haitatimia. Katika kitabu kilichochapwa, upande wa kulia wa maneno yale ya mwisho, karatasi ni nyeupe mpaka ukingoni.